Umande Mkavu

Watu wa pwani wana neno moja kwa vitu viwili:
umande ni maji yanayolala juu ya jani la gimbi,
na umande ni upepo wa alfajiri, utokao bara kwenda baharini.
Huku kwetu Kwemtindi, milimani juu ya Muheza,
mwaka ule tulipewa wa pili bila wa kwanza.

Vuli ilinyesha siku nne,
ikaondoka kama mgeni asiyevua viatu.
Kufika Februari jani la mdalasini
lilivunjika mkononi kama ganda la yai,
na kijito cha nyuma ya shule tulikivuka kwa raba.
Vyura sijui walikwenda wapi.

Mwenyekiti alipita na kipaza sauti cha betri:
Asichome mtu. Hata takataka.
Hata kichungi cha sigara, kizimeni kwa mate.
Tukacheka, ile ya mate.

Niliamka saa kumi na moja. Hewa ilikuwa imetulia
kama maji mtungini.
Nilikuwa na lundo la mabua, kimo cha mtoto wa miaka mitano,
na masika yanakuja, na shamba halijasafishwa.
Nikajiambia: robo saa.
Nikajiambia: nina ndoo mbili na tawi bichi.
Nikajiambia mengi. Mwenye haja hakosi hoja.

Njiti moja.

Sikuusikia upepo. Niliuona kwanza kwenye moshi:
ulikuwa umesimama wima kama mwanafunzi kwenye gwaride,
mara ukalala, ukanyoosha kidole mashariki,
kwenye miti ya hifadhi, kwenye iliki za watu,
kwenye ule uzi wa bahari unaoonekana kutoka kwetu
siku isiyo na ukungu.
Siku ile haikuwa na ukungu.

Moto hupenda kupanda mlima, kila mtu anajua.
Huu ulishuka. Ulisukumwa mgongoni,
ukaruka bonde la Semhando bila kulikanyaga,
ukatua ng'ambo kana kwamba ulikuwa umetumwa.
Ndoo ya kwanza ilikuwa mzaha.
Ya pili niliiangusha nikikimbia.

Wakagonga rimu ya gari pale shuleni.
Watu wakaja na mapanga, kina mama kanga mbichi puani,
tukafyeka mkuza toka kichakani hadi kwenye mwamba.
Mimi nilifyeka kuliko wote. Walinisifu.
Viganja vilipochubuka, mke wa mwalimu alinifunga kitambaa
akaniita mwanamume.

Iliki ikaungua. Siku tatu mlima mzima
ulinukia kama jiko la harusi,
na hakuna aliyeweza kula.
Majivu yalifika Muheza sokoni;
wauza machungwa waliyapangusa moja moja kwa kitambaa,
wakiuliza huko juu kuna nini.

Kuna Chambega, tulijibu. Mrina asali.
Ushahidi ulikuwa mwenge wake na upweke wake.
Alisema, "Mimi huzima kabla umande haujaamka,"
basi, akanyamaza.
Mizinga yake kumi na tisa iliteketea pia.
Hakuna aliyeuliza ni mtu gani huchoma chake mwenyewe.
Aliuza mbuzi, akalipa faini.
Nilikuwa nimekaa benchi la tatu.
Nilikuwa na ulimi.

Mwezi uliopita nilimpelekea mbao za muvule.
Alizipima kwa shibiri, akauliza bei.
Nikasema hakuna bei.
Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayesikiliza mzinga
kujua kama ndani kuna nyuki,
kisha akaniambia nizirudishe.

Usiku wa jana mvua ilipita, si kubwa.
Asubuhi hii nimekuta viatu vimelowa mlangoni,
umande, ule wa kwanza, wenye maji.
Nimevivaa hivyo hivyo.
Njia ya kwa Chambega inapita kwenye visiki vyeusi,
na kila nyasi ninayoigusa
inanilowesha mpaka magotini.